Salvina na Landrova ya Baba Yake

Salvina alianza kuendesha gari akiwa na miaka kumi, mwaka 1968, wakati mama yake bado hajamwamini hata kumwachia chungu cha mtori jikoni.

Baba yake, Thadeus, alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Kijiji kizima cha Kilema kiliitambua kwa mlio. Asubuhi iliwateremsha akina mama kutoka vihambani, kwenye migomba ya nyumbani, hadi mashamba ya mahindi kule chini, na jioni ikawapandisha pamoja na majani ya ng'ombe. Njia ilikuwa ya udongo, ikipita katikati ya migomba, na hakuna trafiki aliyewahi kuikanyaga.

“Lami ina sheria zake,” Thadeus alisema. “Hii ni njia ya mbuzi. Mtoto akiendesha kwenye njia ya mbuzi, kosa liko wapi?”

“Mbuzi hana usukani,” mkewe Kornelia akajibu.

Lakini Thadeus alikuwa amekwisha kuonja raha ya kusifiwa. Kila Salvina alipopita amekalia magunia ya kahawa yaliyokunjwa, ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, watu waliacha majembe wakapiga vigelegele. Baba mtu alikaa kando yake, kifua mbele kama bwana harusi. Gari lilitambaa kwa gia nzito, polepole kuliko ng'ombe mwenye mimba, na wakifika Thadeus alinyoosha mkono akavuta breki ya mkono. Mambo yakaenda hivyo kwa miezi mitatu.

Asubuhi moja, baada ya mvua za masika, walikuwa wakiteremka na akina mama sita nyuma. Mmoja wao akamtania Thadeus kwamba siku hizi amekuwa abiria kwenye gari lake mwenyewe. Thadeus hakuwa mtu wa kuacha utani upite bure. Akageuka nyuma kujibu, na jibu lake lilikuwa refu.

Ndipo ndama akatoka kwenye migomba na kusimama katikati ya njia.

“Baba!” Salvina akaita. Thadeus alikuwa bado yuko kwenye sehemu tamu ya jibu lake. Salvina akakata kona. Ndama akapona. Landrova ikateleza kwenye tope, ikaingia mfongo, ule mfereji wa maji wa kijiji, ikajikita humo ubavu kwa ubavu kama kizibo kwenye chupa. Akina mama wakamwagikia kwenye migomba na majembe yao. Hakuna aliyeumia, ila yule mtani alipoteza kiatu kimoja.

Huko chini, mzee Filemon, mwenyekiti wa mfongo, alikuwa nyuma ya nyumba yake akioga, maana alikuwa na safari ya mjini Moshi. Alikuwa amekwisha kujipaka sabuni kuanzia utosini. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Akangoja. Hatimaye akajifunga shuka, akapanda mlima akiufuata mfereji mkavu, povu kichwani, jicho moja limefumba.

“Shikamoo, baba mzee,” Salvina alimwamkia kutoka dirishani.

“Marahaba,” Filemon akasema. “Nani ameegesha gari kwenye maji yangu?”

Ilichukua wanaume kumi na tano na kamba mbili kulitoa. Jioni wakakutana uwanjani kwa Filemon, na kijiji kikagawanyika. Waliochoka kubeba majani kichwani walisema mtoto ana kipaji, aachwe. Wengine wakauliza, je, kama pale angesimama mtoto wa mtu badala ya ndama? Kornelia alikuwa akimtazama mumewe tu. Thadeus alisimama akaeleza kwamba binti yake hakosi kona hata moja.

Filemon, sasa akiwa mkavu, akamwita Salvina mbele. “Sema mwenyewe, mwanangu. Kwa nini hukusimamisha gari?”

Salvina akatazama miguu yake. “Nikikalia magunia naiona njia, lakini mguu haufiki kwenye breki. Nikishuka nikanyage breki, sioni njia.”

“Sasa siku zote ulikuwa unafanya nini?”

“Nachagua kuona.”

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, isipokuwa Thadeus. Yeye aliketi polepole, akaweka mkono mdomoni. Kwa miezi mitatu alikuwa akivuta breki ya mkono na kudhani anamsaidia mtoto tu. Kumbe ndiyo iliyokuwa breki pekee. Usiku ule, Kornelia alisimulia baadaye, hakugusa chakula.

Hukumu ya Filemon ilikuwa fupi. Hakutaja umri. Salvina angerudi kwenye usukani siku atakapokaa bila magunia, akanyage breki mpaka mwisho, na huku akitaja kitu alichoshika Filemon mbele ya boneti. Wakamjaribu kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa. Mwaka wa kwanza alisema, “Naona kofia yako tu, baba mzee.” Wa pili aliona vizuri, mguu ukapungua vidole viwili. Mwaka wa nne akakanyaga breki mpaka chini, akasema, “Umeshika kuku, na amekuchafua mkono.”

Filemon akatazama mkono wake. Ilikuwa kweli.

Leseni alipata Moshi mwaka 1976. Miaka mitatu baadaye akaajiriwa kuendesha trekta kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Asubuhi ya kwanza wakata miwa, wengi wao wageni kutoka mikoa mingine, waliliona tela la kuwapeleka kazini, wakaona dereva ni mwanamke, wakabaki wamesimama na mapanga yao. Salvina hakubishana nao. Aliwasha injini akasubiri.

Mwishowe mzee mmoja wa Singida akapanda. “Ninyi mtembee,” aliwaambia wenzake. “Mimi magoti yangu hayachagui dereva.”

Wakapanda wote.