Oneida Caudill na Watu Wake wa Dripu

Ofisi ya Oneida Caudill ilikuwa chini ya mahakama ya kaunti yetu, chumba ambacho mabomba ya maji yalipita juu ya kichwa na wakati wa baridi yaligonga usiku na mchana. Kaunti ilimwajiri awasaidie wanajeshi wa zamani kupata haki zao kutoka idara inayowahudumia: pensheni ya ulemavu, vifaa vya kusikia, matibabu, mazishi. Yeye mwenyewe alipita jeshini. Aliendesha lori la mafuta kule Kuwait, akarudi na nyonga mbovu na sauti nzito isiyohitaji kupandishwa ili mtu aisikie.

Mimi naitwa Verlin. Zamani nilibeba makaa ya mawe kwa lori, na machimbo yalipofungwa nikajitolea kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wetu hospitali ya wanajeshi, mjini, ng'ambo ya milima. Jeshini nilikuwa mpishi kambini Ujerumani, na Oneida hakuniacha nisahau.

"Vita vyako vilikuwa vya mayai, Verlin," alikuwa akiniambia. "Waache waliopigana waongee."

Huku kwetu mashariki ya jimbo la Kentucky, Marekani, kijana asiyeenda mgodini alienda jeshini, na mgodi ulipokufa likabaki jeshi peke yake. Estill Hensley alikwenda hivyo. Kule Iraki kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya msafara, akitafuta mabomu yaliyofukiwa barabarani. Alirudi na viungo vyake vyote, watu kanisani wakamshukuru Mungu, na kwa muda hakuna aliyeuliza zaidi. Mkewe, Charla, ndiye aliyejua. Estill hakuwa akilala ndani ya nyumba. Alilala kwenye gari lake nyuma ya nyumba, pua ya gari ikitazama barabara, na asubuhi Charla alitoka na kahawa akakuta kioo kimeshika barafu na mume wake yuko macho.

Alipewa vidonge vya kila rangi. Alikaa na washauri, akahudhuria vikao vya wenzake walioketi kwa duara wakitazama viatu vyao. Hospitali ya wanajeshi ikamjaribu na dawa ya kupuliza puani, jamaa ya ketamini. Ilimtapisha njia nzima tukirudi, nikasimamisha gari kila baada ya vilima viwili, na moyo wake ukabaki palepale. Mwisho daktari mmoja akasema kuna kliniki ya watu binafsi inayotoa ketamini yenyewe kwa dripu. Ndiyo ile dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, ila kwa kipimo kidogo, mtu anabaki amelala kwenye kiti huku wakimchunga. Tatizo ni kwamba idara hailipii dripu hiyo mpaka itoe kibali cha mtu mmoja mmoja, na kibali ni kigumu. Kanisa likakaanga samaki, watu wakaja wakala wakachangia, Estill akapata dripu zake za mwanzo.

Kwetu ketamini inajulikana zaidi kama dawa ya kulaza farasi. Habari ilipofika duka la vyakula vya mifugo, wanaume wanaoshinda pale kwenye jiko la kuni hawakumwacha apumue.

"Estill, ukianza kula majani makavu utuambie, yamepanda bei," mmoja akamwambia.

Estill akachukua mfuko wake wa mahindi ya kuku, akauweka begani. "Farasi wanalala usiku," akasema. "Wewe unalala?"

Nilikuwepo. Tulicheka wote, na kilichonishangaza ni kwamba Estill alicheka kwanza. Miaka mingi nilikuwa sijaona meno yake.

Dripu zilimsaidia, hilo hakuna aliyebisha. Alirudi kulala kitandani. Alitengeneza paa la banda. Alikuja kumtazama binti yake akicheza mpira, akakaa katikati ya watu, si kule ukingoni karibu na lango la kutokea. Lakini dawa hiyo haikai milele. Inaanza kupungua kama betri, na daktari alisema atahitaji kuongezewa kila baada ya muda fulani, labda kwa miaka. Samaki wa kanisa wasingeweza kumbeba mtu miaka. Ndipo Oneida akaingia.

Aliomba kibali, akakataliwa. Jibu lilisema tiba bado haijathibitishwa vya kutosha na kwamba mgonjwa ana njia nyingine. Oneida akakata rufaa, akatafuta barua ya daktari wa kliniki, barua ya mshauri, kumbukumbu za hospitali zinazoonyesha jinsi dawa ya puani ilivyomshinda. Ikarudi kwamba sahihi moja haipo. Akapeleka sahihi. Ikarudi kwamba rufaa imepelekwa ofisi isiyohusika. Hakuna aliyekuwa mbaya kati ya wale aliozungumza nao, na hilo lilimchosha zaidi. Kila mtu kwenye simu alikuwa mpole, kila mtu alimshukuru kwa kulitumikia taifa, kisha akamhamishia kwa mwingine.

Nilimkuta mara nyingi simu iko mezani ikipiga ule muziki wa kusubirisha, naye ana beseni mapajani anatoa nyuzi za maharage mabichi. Alisema akikaa bure akisikiliza muziki ule atapigana na mtu. Majira yale alihifadhi chupa za maharage za kulisha ukoo mzima, na Oneida hakuwa na ukoo mkubwa. Mume wake alikwishafariki kwa ugonjwa wa mapafu wa mgodini, na mwanawe alihamia Ohio.

"Wewe huchoki?" nikamuuliza siku moja.

"Nilichoka zamani, Verlin. Sasa hivi naendelea tu."

Alisema hivyo bila kuinua macho, akavuta uzi mwingine wa harage.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, Charla alipiga simu mchana. Estill amerudi kulala kwenye gari, na safari hii ana bunduki pembeni. Oneida akaniambia nilete gari. Njiani aliniambia tu nipunguze mwendo kwenye daraja.

Estill alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Oneida alishuka polepole kwa sababu ya nyonga, akamwendea, akaegemea boneti.

"Estill, nimekuja kuchukua bunduki."

"Charla kakutuma?"

"Charla kaniambia. Kuja nimekuja mwenyewe."

Estill akatazama barabara. Kwetu bunduki si kitu cha kumwomba mtu. Nilidhani atamfukuza, na nisingemlaumu.

"Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa mwezi ujao," akasema.

"Najua. Nyama nitakupa mimi, friza yangu imejaa."

"Na ile ya babu?"

"Ya babu pia, mwanangu. Hasa hiyo."

Kuku walipita chini ya gari. Mara Oneida akamuuliza waziwazi, kwa sauti ileile ya kumuuliza mtu kama amekula, kama alikuwa anafikiria kujiua. Estill akasema ndiyo, kuna siku. Oneida akamshukuru kwa kumwambia. Akampigia daktari wa Estill palepale, akampa simu, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza kuzungumza.

Bunduki alizileta Estill mwenyewe. Alizifunga kwenye blanketi, akazilaza nyuma ya gari langu kama anamlaza mtoto, akamwomba Oneida azipake mafuta mara mojamoja zisishike kutu. Oneida alizifungia kwenye kabati lake la chuma pamoja na mapambo ya Krismasi.

Baada ya hapo hakuwa na subira tena. Kila asubuhi aliipigia idara. Alimpigia msaidizi wa mbunge wetu mpaka kijana yule akawa anamtambua kwa kikohozi. Mwishowe wakakubali rufaa isikilizwe kwa simu, mbele ya daktari wa idara mwenye uwezo wa kuamua.

Tulikusanyika ofisini kwake chini ya mabomba: Estill na shati lake la kanisani, Charla, Oneida, na mimi niliyekuwa namimina kahawa kwa kukosa kazi nyingine. Daktari alikuwa mwanamke. Kwa sauti alisikika amechoka kama sisi, na nyuma yake tulisikia mtu akimwita, naye akamwambia asubiri. Alimuuliza Estill maswali ya kawaida, usingizi, hamu ya chakula, mawazo mabaya, naye akajibu ndiyo na hapana kama askari aliyesimama wima. Nikaona Oneida anafumba macho. Majibu ya namna ile hayakuwa na mtu ndani yake.

Kisha daktari akasema, "Bwana Hensley, naona alama za vipimo vyako zilikuwa bora baada ya dripu. Lakini alama ni namba tu. Nini hasa kilibadilika?"

Estill alizungusha kikombe. Charla akataka kumsaidia, Oneida akamshika mkono.

"Mke wangu ana dada yake," Estill akasema. "Huyo dada kila siku ana mkasa. Charla akija jioni ananihadithia. Miaka yote hiyo, nilikuwa namwona mdomo unaenda. Nasikia sauti, lakini ni kama redio ya jirani. Sasa baada ya ile dripu ya tatu, alikuwa ananihadithia jinsi dada yake alivyogombana na fundi wa mashine ya kufulia. Simu ikalia, akaenda kuipokea. Nikabaki nimekaa pale nikitaka kujua fundi alijibu nini." Akakohoa. "Ni hivyo tu, daktari. Nilitaka kujua."

Charla aligeuza uso ukutani.

"Na alijibu nini?" daktari akauliza.

"Alisema mashine haijachomekwa kwenye umeme."

Daktari akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hakutegemea. Hakuahidi chochote. Alisema atatuandikia.

Barua ilikuja kabla ya theluji ya kwanza. Kibali kimetolewa, kwa nusu mwaka, kisha kiombwe upya tangu mwanzo. Charla alilia kwenye simu. Estill alimletea Oneida keki ya matufaha yaliyokaushwa ambayo aliioka mwenyewe, mbaya kabisa, tukaila yote. Nilitarajia Oneida afurahi. Alisoma barua, akaiweka chini ya kikombe, akaandika kwenye kalenda siku ya kuanza kuomba upya, maana ukichelewa wanakukatia.

Furaha ilikuwa ngumu kwa sababu ya Garland Stamper. Garland alipigana vita vya Vietnam, rika langu, anaishi peke yake kwenye nyumba ya bati juu kabisa ya bonde. Oneida alimwombea kibali hichohicho, kwa karatasi zilezile na bidii ileile. Jibu lake lilikuja wiki moja na la Estill, nalo lilikuwa hapana. Kwa nini mmoja ndiyo na mwingine hapana, hakuna aliyeweza kutueleza. Oneida alipompigia kumwambia, Garland akasema tu, "Basi, Oneida, usijisumbue tena," akakata simu.

Kesho yake tulipanda mpaka kwake. Garland hakufungua. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, tukaona umbo lake tu. Oneida akamuuliza swali lile alilomuuliza Estill. Garland akasema hana mpango wa kujifanyia lolote, ila hana mpango mwingine pia. Oneida akamwomba bunduki. Akakataa.

"Basi nipe funguo za kabati la bunduki."

"Hapana. Nenda nyumbani, mwanamke. Una kazi nyingi."

"Kazi yangu ndiyo hii."

Akaketi kwenye ngazi. Baridi ilikuwa kali, na najua nyonga ilimuuma kwa sababu alikaa ameinamia upande mmoja. Hakuhubiri. Alimwambia habari za rufaa ya pili, na kwamba wakati tukiisubiri kuna ile dawa ya puani ambayo idara inailipia bila ugomvi. Estill ilimkataa lakini wengine imewafaa. Garland akasema hospitali ni mbali na haruhusiwi kuendesha gari akishapewa. Oneida akanielekezea kidole bila kugeuka.

"Huyo hana kazi. Vita vyake vilikuwa vya mayai."

Garland akaniangalia kupitia wavu. "Wewe ndiye ulikuwa mpishi?"

Nikasema ndiyo.

"Mayai ya jeshi yalikuwa takataka," akasema.

Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyeyapika. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na kikombe cha kahawa kwa Oneida. Mimi sikupewa. Funguo zilitoka baadaye, tulipokuwa tunaondoka, akamwekea Oneida kiganjani bila kumtazama.

Huo ulikuwa mwaka juzi. Kibali cha Estill kimeombwa upya mara kadhaa. Kuna mara kilichelewa, Estill akaanza kudidimia tena, kisha kikatoka. Rufaa ya Garland bado iko njiani mahali fulani. Oneida alitangaza kwamba anastaafu, kaunti ikatangaza nafasi yake, hakuna aliyeomba. Basi bado anashuka zile ngazi za mahakama kila asubuhi akishikilia ukuta, na simu yake bado inapiga muziki uleule.

Garland namchukua kila Alhamisi. Hospitalini anakaa na ile dawa yake, wanampima shinikizo la damu, wanamwachilia baada ya saa mbili, naye anarudi ameegemeza kichwa kwenye kioo. Kama inamsaidia sijui, mwenyewe hasemi. Njiani niliwahi kumhadithia kisa cha dada wa Charla na fundi. Wiki iliyopita, tukishuka mlima wa mwisho, aliniuliza kama yule mke wa Hensley bado ana dada yake. Nikamwambia anaye. Akaniuliza siku hizi amegombana na nani.