Ndaki na Kosa Lake la Kwanza

Kwa miaka kumi na moja Ndaki aliendesha winchi kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyarugusu, na kwa miaka hiyo yote hakukosea hata mara moja. Hilo lilijulikana kwa sababu mwenyewe hakuacha siku ipite bila kulitaja. Alishusha na kupandisha watu na mawe kwa ndoo kubwa ya chuma. Walioko chini walivuta kamba iliyofungwa kengele huku juu: moja simama, mbili pandisha, tatu shusha.

Siku aliyokosea alikuwa akimsimulia mgeni jinsi asivyokosea. Kengele ikalia tatu, yeye akasikia mbili. Marselino, mchimbaji kijana aliyetaka ndoo ishuke kidogo apate kuingia vizuri, alikuwa ametia mguu mmoja tu. Akapanda mita nne kichwa chini kabla bingwa hajasikia mayowe. Alipotoka, mgongo umechubuka, alimwambia Ndaki shikamoo kama kawaida. Shikamoo hiyo ilimuuma Ndaki kuliko tusi.

Toka hapo akawa masikio matupu. Kila kengele aliihesabu kwa vidole, kisha akauliza tena chini kama ni kweli. Kazi ikazorota. Bartholomeo, mwenye duara, ambaye winchi aliifahamu kutokea kwenye kiti chake kivulini, akamweleza kwa kirefu kwamba mtu makini huwa makini na mwepesi kwa pamoja. Ndaki akamshukuru kwa elimu hiyo.

Siku ya sita, macho yakiwa vidoleni, ndoo iliyojaa mawe ikapitiliza mdomo wa duara na kugonga boriti. Mawe yakarudi shimoni yalikotoka. Bahati, waliokuwa chini walikuwa wamejibanza pembeni.

Jioni alimsimulia mkewe, Lusia, aliyekuwa akimenya viazi.

“Baba Juliana,” akasema Lusia, “kosa lilipita sikioni, nawe ukahamia sikioni na mizigo yako yote. Macho umemwachia nani?”

Viazi vilipoiva, Ndaki akala. Lakini wiki zilivyopita kila kiungo kilirudi kazini kwake: sikio kwenye kengele, jicho kwenye kamba ya ndoo, mkono kwenye breki. Kilichobaki ni kusita kidogo, pumzi moja tu, kabla ya kuvuta.

Asubuhi moja kengele ikalia mbili. Ndaki akasita, akaanza polepole, akaona kamba inakaza kuliko uzito wa mtu. Ndaki wa zamani angeongeza moto. Huyu alisimamisha, akashusha kidogo. Kumbe ukingo wa ndoo ulikuwa umenasa kwenye gogo lililoshikilia ukuta, na Marselino yumo ndani. Angeendelea kuvuta, gogo lingeng'oka na ukuta ungemwangukia. Marselino akaisukuma ndoo kwa mguu ikaachia, akapiga kengele upya.

Alipofika juu alimshika Ndaki mkono, asiuachie upesi.

“Mzee, leo umesikia hata ambacho sikukisema.”

Bartholomeo aliposimuliwa aliinuka kitini, jambo lisilotokea mara nyingi, akaenda kuipapasa winchi na kuwatangazia watu kwamba tangu alipoinunua alijua ni mashine yenye akili. Ndaki akakubali kwamba ina akili sana, akamwomba asogee kidogo, maana kengele ilikuwa inalia.