Daftari Lililozikwa Uani

Nilikuwa nasoma chuo kikuu, na likizo nilikaa kwa mjomba wangu, mtaa wa Makorora, aliyenilea toka nina miaka minne. Daftari langu nilikuwa nimelijaza asili za maneno ya elimu za siri, nayo mengi ni ya Kiyunani yaliyotufikia kwa njia ya Waarabu. Talasimu, yaani hirizi: telesma, ibada iliyokamilishwa. Iksiri, dawa ya uzima: kserion, unga mkavu wa kutia kwenye vidonda. Hata Ibilisi wengine humtoa kwenye diabolos, yaani msingiziaji. Pembeni nikachora miraba ya tarakimu kama ya waganga, na majina ya Mungu kwa herufi za Kiarabu. Urembo tu! Mtihani ulipokwisha nikalitupa kwenye takataka za kuchomwa pale nyumbani.

Mjomba, mwalimu wa madrasa, akaliokota. Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haitupwi ovyo, huzikwa pasipokanyagwa. Akalitia kwenye kopo la maziwa pamoja na kurasa za juzuu zilizochakaa, akalizika uani, chini ya msingi wa ukuta wa jirani. Nilimwona, nikamcheka moyoni.

Mwaka uliofuata mama jirani yetu alifiwa na mwanawe kwa homa. Arubaini haijafika, mafundi wake wakawa wanachimba shimo la choo upande wa pili wa ukuta ule, wakalitoa kopo. Mama wa watu akafungua, akaiona miraba. Yule mama alipiga ukelele mpaka leo nausikia. "Mwanangu kaliwa! Kaliwa na mwalimu!"

Nilipotoka ua umejaa watu. Walikuwa wamemburura mjomba kwa kanzu, mdomo umepasuka, jino liko mchangani. Mwingine anampiga mateke ya mbavu, mwingine anaitisha petroli. Nikapanda barazani nikapaza sauti. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikaanza kusomesha! "Jamani, sikilizeni! Talasimu si uchawi, ni neno la Kiyunani, maana yake..."

"Kumbe hata mashetani ya Uyunani anafuga!" mmoja akadakia, akamtwanga mjomba nondo ya bega. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu: ni langu. Sikuyasema. Niliogopa, basi, sina la kujitetea.

Mtu akamshika mjomba nywele, akamsogezea daftari usoni. "Mwandiko wa nani huu?"

Mjomba akautazama. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikiandika alifu yangu ya kwanza. Mwandiko wangu angeujua hata gizani. Akainua macho, akaniona pale barazani. Akasema, "Wangu."

Koleo likamshukia usoni. Polisi walifika wakapiga risasi hewani, umati ukatawanyika. Hospitalini, muuguzi alipokuwa akimnyunyizia unga wa dawa kwenye kidonda chini ya jicho lililopasuka, nilikumbuka kserion, nikatoka nje.

Jicho halikupona. Sasa anakaa kijijini Moa kwa dada yake, hafundishi tena, na hajaniuliza kitu hata siku moja.

Juzi nilikutana na yule jirani sokoni. Nikamwamkia shikamoo. Akanishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akasema, "Pole mwanangu, kulelewa na mchawi si kazi ndogo."

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nami nikamjibu, "Ahsante, mama."