Mzazi wa Mfano

Mchomeleaji wa mageti aliyeitwa Cheche hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Alipewa kwa sababu ya mdomo. Hata mkewe, akiwa na jambo zito la kumwambia, alisubiri kwanza ale ashibe.

Ndiyo maana watu walishangaa kliniki ya afya ya akili ilipomchagua aongoze kikao cha wazazi, kila Jumatano mchana, katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Mradi wenyewe ulikuwa wa maana: mzazi aliyepitia ya mtoto wake amshike mkono mzazi anayeanza kupitia ya wake. Binti yake Cheche alikuwa ametoka wodini, amerudi shule, na alikuwa akiwasaidia wauguzi kuanzisha kikao kama hicho cha vijana. Cheche akikaa tu kwenye kiti chake cha plastiki, akina mama walicheka kabla hajasema kitu. Wakishacheka walilia, na wakishalia walisema. Dawa gani ingeweza hayo?

Kisha binti akaugua tena. Akarudishwa wodini, ghorofa ya juu ya chumba kile kile cha kikao.

Mratibu wa mradi, kijana mwenye shati lililonyooka, alimwita Cheche pembeni. Alianza kwa pole nyingi. Jumatano wafadhili wangekuja kuangalia kikao, na walitaka kumwona mzazi wa mfano. Ama Cheche aseme binti yuko shule, ama ampishe mzazi ambaye mtoto wake amepona.

"Ni siku moja tu, mzee wangu."

"Sasa kijana wangu, wanaokuja hapa wana watoto wazima?" Cheche aliuliza. "Wanakuja kupiga soga?"

Kana kwamba ugonjwa ni mtihani, ukifaulu mara moja umefaulu. Kana kwamba mtoto akilazwa, mzazi naye huharibika.

Alipanda ngazi kwa hasira hadi wodini. Akamkuta binti amejikunyata kitandani, akammwagia yote: mratibu, wafadhili, na jinsi ambavyo Jumatano angewaeleza hao wageni kila kitu, tangu usiku wa kwanza mpaka leo, wajue. Alitarajia aungwe mkono. Binti aliinuka, akakaa.

"Kila kitu cha nani, baba?"

Hakuelewa.

"Yule anataka kunificha, wewe unataka kunianika. Nani kaniuliza? Kila Jumatano unawachekesha wale mama kwa mambo yangu. Nikishuka kuchota maji wananiangalia kama wao ndio walionizaa."

Hasira ya Cheche ilikuwa ile ile, ila sasa ilimgeukia mwenyewe, nayo ilichoma zaidi. Kwa mara ya kwanza akamuuliza mtoto yeye baba aseme nini Jumatano.

"Sema niko hapa. Sioni aibu kuwa hapa. Mengine sema ya kwako. Kwani wewe huna ya kwako?"

Jumatano wageni walikaa nyuma. Cheche akasema binti yake amelazwa ghorofa ya juu. Mratibu akainamia simu yake. Mgeni mmoja, kwa sauti ya huruma, akauliza ilikuwaje mpaka mtoto akarudi.

"Hayo ni ya kwake," Cheche alisema. "Ukitaka ya kwangu nitakupa. Mimi nina hasira. Nimewakasirikia nyinyi mnaotaka waliopona tu, nimejikasirikia na mimi, na jana nimemchomelea mtu geti kichwa chini miguu juu."

Akina mama waliangua kicheko. Wageni walitazamana, hawajui kama nao wanaruhusiwa.

Wageni walipotoka kwenda kunywa chai, mratibu alimwambia mbele ya wote avue kitambulisho cha shingoni, uongozi wake umekwisha. Cheche alikivua, akakiweka mezani. Mratibu akangoja atoke. Hakutoka.

"Hicho ni cha kiongozi, chukua. Kiti ni cha mzazi, na mtoto wangu yuko hapo juu."

Akakunja mikono kifuani. Mratibu akaanza kusoma mada yake juu ya malezi bora. Mama mmoja, ambaye tangu aanze kuja hakuwahi kusema neno, alimkatiza. Alimuuliza Cheche, si mratibu, kama kulala mlangoni kwa mtoto usiku ili kumlinda kunasaidia.

Cheche akamwambia hakusaidii kitu. Yeye amelala mlangoni kwa binti yake miezi mingi, na binti akiruhusiwa kurudi nyumbani atalala tena.