Ndama Aliyesingiziwa Ugonjwa

Nilipomjengea mama nyumba mpya pale kijijini kwetu Daudi, fundi aliniuliza: tuipashe joto kwa maji au kwa hewa? Baridi ya Julai huku kwetu si mchezo, na kifua cha mama kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kwa maji, alieleza, jiko la kuni lingechemsha tangi, na maji ya moto yangezunguka kwenye mabomba chini ya sakafu. Kwa hewa, mashine ya umeme ingepuliza joto kupitia matundu ya ukutani.

Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Hakusita. "Ya maji, mwanangu. Kuni nazijua. Huo umeme wenu wenyewe haujui utarudi lini."

Fundi akacheka. Mimi nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimelala mara moja tu kwenye hoteli ya Arusha yenye mashine kama hiyo, basi nikajiona mjuzi. "Na wewe mama! Nakutoa kwenye moshi, unataka kurudi kwenye moshi?" Nilimkaripia mbele ya mgeni. Mimi, mwalimu, ninayefundisha watoto wa watu adabu! Mama akainamia maharage yake. "Haya. Nyumba ni yako."

Haikuwa yangu, ilikuwa yake.

Wiki ya kwanza nilitembeza majirani nikiwaambia waweke mikono kwenye matundu. "Mnasikia joto hilo?" Kisha nikarudi kazini Balangdalalu. Kila nikipiga simu mama alisema, "Tuko salama, joto lipo."

Julai nikaja bila taarifa. Njiani nikakutana na jirani yetu mzee, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Poleni na ndama."

"Ndama gani?"

"Si huyo mgonjwa. Mama yako amehamia nyumba ya zamani, analala naye ili amwangalie."

Nyumba mpya niliikuta imefungwa kwa nje. Katika ile ya zamani, ambamo watu na mifugo hulala chini ya paa moja, mama alikuwa amejifunika blanketi karibu na mafiga, anakohoa. Ndama alikuwa anarukaruka, mzima kabisa, akaja kulamba koti langu.

"Mama, huyu anaumwa nini?"

Alijivutia blanketi. "Umeme unakatika siku nzima. Ukirudi, ile mashine inanipulizia vumbi. Sasa ningewaambia nini watu? Kwamba mwalimu kamjengea mama yake nyumba ya baridi?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kumpapasa ndama. Hapo hapo jirani akapiga hodi, ameshika majani ya dawa aliyoyachuma mwenyewe.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Mama alinitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema ukweli, na nafasi nilikuwa nayo.

"Anaendelea vizuri, mzee," nikasema. "Tunashukuru." Nikapokea yale majani kwa mikono miwili, huku mama akikohoa nyuma yangu.