Kondoo wa Msichana wa Kitabuni

Wayua, Mkamba wa Machakos, aliolewa na Meitamei hapa Kitengela mwaka wa 1994, na hata leo sisi majirani tukiikumbuka siku ile tunashika mbavu. Alipofika kwenye lango la boma, viatu vipya vilikuwa vimemchuna visigino, akasimama. Hakujua kwamba bibi harusi wa Kimaasai husimama hapo makusudi, akingoja kuahidiwa mifugo ndipo aingie. Shemeji akaahidi mbuzi. Wayua hakusogea. Mjomba akaongeza ndama. Wayua akauma meno tu.

"Huyu Mkamba ni mjanja!" watu wakashangilia.

Mwishowe mama mkwe, Naserian, akaleta kondoo jike, akamshika mkono, wakaingia pamoja. Toka siku hiyo hawakuitana mama wala mwanangu. Waliitana Paker, jina la watu waliopeana kondoo.

Sasa niambie, mtu mwenye bahati hiyo huandika upuzi kwa nini? Mwaka wa 2004 Wayua, ambaye ni mwalimu, alitunga riwaya kuhusu msichana Mkamba aliyeolewa Umaasaini. Mama mkwe wa riwaya alikuwa nyoka. Alimfungia msichana lango, akamwacha akilia vumbini. Wayua aliamini kitabu kisicho na mama mkwe mkali hakisomeki, maana vyote alivyosoma yeye vilikuwa hivyo.

Naserian akapata habari, akataka kusomewa. Wayua alikosa raha wiki nzima. Alimpenda yule mama kupita kiasi, na sasa aliogopa kumpoteza kwa ajili ya karatasi. Lakini mkwe hakataliwi.

Jumapili baada ya kanisa tuliketi nje na chai yetu. Wayua akasoma. Naserian alisikiliza huku akitunga shanga. Hadithi ilipofika langoni, akaziweka chini.

"Huyo mama alipatia msichana nini?"

"Hakumpa kitu, Paker."

"Hata mbuzi?"

"Alifunga lango."

Naserian akainuka, akaenda zake. Wayua akanigeukia, machozi yanamlengalenga.

"Keziah, nimemuumiza."

Nilikuwa nimemkasirikia, na chai yangu ilikuwa imepoa.

Mara tukamwona Naserian anarudi kutoka zizini, anavuta kondoo jike kwa kamba. Akamkabidhi Wayua ile kamba.

"Hii ni mjukuu ya ile yako," akasema. "Pelekea huyo msichana. Amesimama kwa jua sana."

Wayua alilia, akacheka, akawakumbatia mama na kondoo kwa pamoja. Mimi pia nilijikuta nafuta macho na leso ya kanisani. Kesho yake Wayua alianza kuandika upya, na zile karatasi za zamani alizozitupa uani kondoo alizitafuna zote.

Kitabu kilipotoka, Naserian alikipapasa jalada, akauliza swali moja tu.

"Aliingia?"

"Aliingia, Paker."