Majani Mabichi Mlangoni

Yule fundi cherehani wa ng'ambo ya uchochoro wetu, hapa mjini Darbhanga, hashoni tena mfululizo. Anakanyaga kidogo, anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anasikiliza. Akisikia bintiye Rinki anapumua vizuri kule ndani, anaendelea. Surua huku haitajwi jina. Tunasema Mama, mungu wa kike wa vipele, amekuja, tunatundika mwarobaini mlangoni, na hakuna mgeni anayeingia mpaka Mama aage na majani yatolewe. Hapo mtaa mzima humiminika kumbeba mtoto na kumbusu. Vipele vya Rinki vilikauka zamani, lakini kila asubuhi fundi hutundika majani mabichi, huku akiangalia nyuma kama mwizi.

"We mwanamke," mama mkwe wake alimfokea jana, "Mama ameshaondoka, unamwita arudi?" Fundi alizidi kukaza fundo la majani. Leo nimempelekea wali wa maziwa, akanizuia kizingitini na kuninong'oneza, "Dada, vipele vimeisha, ila nesi anasema surua imeusahaulisha mwili wake. Magonjwa uliyokwisha kuyashinda, sasa hauyajui tena. Nikitoa majani, watakuja wote na mafua yao. Usinisemee kwa bibi yake, tafadhali." Akapokea bakuli kwa ncha za vidole, akafunga mlango. Navuka uchochoro nasikia cherehani ikianza kulia. Nikaingia kwangu, nikapiga chafya.

Cherehani ikanyamaza.